Kisima Kinapopoa: Majira ya Joto ya Mwanafunzi wa Jotoardhi Nchini Iceland

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia kwisha huku Afrika Mashariki, kikundi kidogo cha wanajiolojia, wanakemia na wahandisi kutoka nchi zinazoendelea hufunga safari ya kwenda Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, kusomea nishati ya jotoardhi. Mafunzo hayo huchukua miezi sita, yaani majira yote ya joto ya kule na mwanzo wa baridi yake. Yalianzishwa mwaka 1979 na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na serikali ya Iceland, na tangu mwaka 2020 yamo katika asasi iitwayo GRÓ, iliyo chini ya uangalizi wa UNESCO. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi, na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi nazo zimepeleka wao.

Wanaokwenda huko ni watu waliokwisha kupata shahada na kufanya kazi kwa muda katika idara za serikali au mashirika ya umma. Pengine basi msomaji wa kidato cha tatu atajiuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Hesabu anazokutana nazo mwanafunzi huyo katika wiki zake za kwanza ni zile zile za fizikia na kemia ya sekondari, na swali kubwa linalomngoja huko ni swali ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka mno.

Vitabu hivyo hutuambia kuwa nishati jadidifu, yaani nishati inayojirudisha yenyewe kadiri inavyotumiwa, ni jua, upepo, maji yaendayo kasi, mimea, na joto la ardhini. Orodha hiyo hukaririwa darasani na kuulizwa katika mitihani. Lakini je, joto la ardhini hujirudisha kweli? Jua halipungui kwa sababu sisi tumeanika mpunga. Upepo haupungui kwa sababu jahazi limetweka tanga. Kisima cha mvuke ni jambo jingine: chaweza kupoa, na kimekwisha kupoa mahali zaidi ya pamoja.

Mji wenye moshi usio wa kuni

Jina Reykjavík maana yake ni Ghuba ya Moshi. Moshi wenyewe ulikuwa mvuke wa chemchemi za maji moto, ambao mabaharia wa kale waliuona kutoka mbali. Kwa vizazi vingi wanawake wa mji huo walibeba nguo chafu mwendo wa kilometa tatu hivi hadi kwenye chemchemi hizo kwenda kufua, wakati wa theluji na wakati wa jua. Mwaka 1930 maji ya mahali hapo yalipelekwa mjini kwa bomba, yakapasha joto shule moja, hospitali, bwawa la kuogelea na makumi ya nyumba. Hadi hapo mji ulikuwa ukipashwa joto kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, na picha za zamani zaonyesha wingu jeusi juu ya mapaa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, serikali ikaongeza bidii ya kutandaza mabomba nchi nzima. Leo takriban nyumba tisa kati ya kila kumi nchini Iceland hupashwa joto na maji ya ardhini. Umeme wao hutoka zaidi katika maporomoko ya maji, kiasi cha asilimia 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka katika mvuke.

Mgeni kutoka pande zetu hugundua mambo hayo kwa pua kabla ya kuyasoma. Akifungua bomba la maji moto bafuni hunusa mayai viza: ni haidrojeni salfaidi, gesi ambayo huandamana na maji ya ardhini karibu kila mahali. Kwa kiasi hicho kidogo haidhuru. Katika shimo la kisima yaweza kuua. Atagundua pia kuwa hiyo iitwayo majira ya joto ni tafsiri ya kalenda tu. Wastani wa halijoto ya mwezi Julai mjini Reykjavík ni kama nyuzi 11 za Sentigredi, kwa hiyo mtu wa Njombe au Limuru hujiona yumo katika miezi ya baridi ya kwao, na mtu wa Tanga hujuta kutochukua koti la pili. Mwezi Juni jua huzama karibu na usiku wa manane na kuchomoza tena baada ya saa tatu hivi, wala giza la kweli haliingii kati yake. Mchana mrefu namna hiyo ni faida kwa wanaokwenda kupima miamba nyikani.

Hesabu ya kwanza

Tuchukue sasa daftari. Joto hutoka katikati ya dunia na kupanda kuja juu mahali pote, hata chini ya darasa letu. Wastani wake kwa dunia nzima ni kama wati 0.08 kwa kila meta ya mraba. Tuseme tuna eneo la kilometa za mraba 10, yaani meta za mraba 10,000,000. Joto lote linalopita hapo ni:

10,000,000 × 0.08 = wati 800,000, sawa na kilowati 800.

Hilo ni joto, bado si umeme. Mitambo ya jotoardhi duniani, kwa wastani, hugeuza kuwa umeme asilimia 12 tu ya joto inalolipokea. Sababu ni sheria aliyoianzisha Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824: ufanisi wa mtambo wowote wa joto hauwezi kupita kikomo kinachowekwa na tofauti ya halijoto ya kuingilia na ya kutokea. Mvuke wa nyuzi 250, yaani Kelvini 523, ukipozwa hadi nyuzi 40, yaani Kelvini 313, kikomo chake ni 1 − 313/523, kama asilimia 40. Huko njiani msuguano, gesi zisizogeuka maji, na maji mengi yasiyofika kwenye turbini hupunguza tena. Basi asilimia 12 ya kilowati 800 haifiki hata kilowati 100. Kwa kilometa za mraba 10 nzima!

Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, hutoa mamia ya megawati. Tofauti hii hutoka wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba katika nchi za volkeno joto linalopanda ni kubwa mara nyingi kuliko wastani, kwa kuwa mwamba ulioyeyuka uko karibu na maji yenyewe hupanda yakiwa yamebeba joto. Jibu la pili ndilo linalopasa kukumbukwa zaidi. Sehemu kubwa ya joto tunalolitoa ni akiba. Limekusanyika katika miamba kwa maelfu ya miaka, na sisi tunalitoa kwa haraka kupita linavyoingia.

Akiba hiyo ni kubwa kiasi gani? Kilometa moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa kilogramu trilioni 2.7 hivi. Kila kilogramu ya mwamba hutoa kama jouli 900 ikipoa kwa nyuzi moja. Zidisha, utapata jouli 2,430,000,000,000,000. Gawanya kwa sekunde za mwaka mzima, ambazo ni kama milioni 31.5, na jibu ni megawati 77 za joto kwa mwaka mmoja. Kwa ufanisi wa asilimia 12 hizo ni megawati 9 za umeme. Kwa nyuzi moja tu ya kupoa.

Hesabu hii hufurahisha na kutisha kwa pamoja. Mtambo wa megawati 100, kama hakuna joto jipya linaloingia, hupoza kilometa za ujazo 11 kwa nyuzi moja kila mwaka. Katika miaka 30 ni nyuzi 30. Hodhi lililoanza na nyuzi 250 litakuwa na 220, na mvuke wake utakuwa umepungua sana. Baada ya hapo ukiliacha lipumzike, kanieneo yake, yaani ule msukumo wa maji na mvuke, hurudi katika muda wa miaka. Lakini joto lenyewe laweza kuhitaji karne. Kwa hiyo neno jadidifu, kwa upande wa jotoardhi, ni kweli kwa mtu anayetoa kwa kipimo, na si kweli kwa mtu anayetoa kwa pupa.

Maji yasiyochemka

Hapa mwanafunzi hupelekwa kisimani. Maji ya chunguni huchemka kwa nyuzi 100, na yale ya Nairobi au Mbeya kwa pungufu kidogo kwa sababu ya mwinuko. Lakini chini ya uzito wa maji yenye kina cha meta 100, hayachemki mpaka yafikie kama nyuzi 180. Kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kuvumilia. Ndiyo maana kilometa moja au mbili chini ya ardhi maji yaweza kuwa na nyuzi 250 na bado yakawa maji. Kisima kilichochorongwa huyapa njia ya kupanda. Yakipanda, uzito juu yake hupungua, nayo huchemka ghafula yakiwa njiani.

Ni kiasi gani hugeuka mvuke? Kilogramu moja ya maji ya nyuzi 250 ina kilojouli 1,085 za joto. Ikifika kwenye chombo cha kutenganishia, tuseme chenye kanieneo ya mara sita ya ile ya hewa, maji hayawezi kubaki na zaidi ya kilojouli 670. Ziada ya 415 hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, na kila kilogramu ya mvuke hapo hudai 2,086. Basi 415 ukigawa kwa 2,086 ni 0.2. Sehemu moja katika tano ndiyo mvuke. Nne ni maji ya moto yenye chumvi.

Kisima kinachotoa kilogramu 50 kwa sekunde kitatoa basi kilogramu 10 za mvuke, na kwa kuwa turbini huhitaji kama kilogramu mbili kwa sekunde ili kutoa megawati moja, tutapata megawati 5. Nazo kilogramu 40 za maji kila sekunde ni tani 3,456 kwa siku, zenye silika, chumvi na wakati mwingine aseniki. Maji hayo ni mzigo ukiyamwaga mtoni, na ni mali ukiyarudisha ardhini. Wanafunzi wengi hufika Iceland wakidhani kuwa kiini cha somo ni turbini. Baada ya mwezi huanza kuelewa kwamba turbini hununuliwa kiwandani, ila maji haya hayana mtu wa kukuuzia maarifa yake.

Kipimajoto kilicho ndani ya chupa

Katika mambo yote yanayofundishwa huko, hili ndilo ambalo mwandishi wa makala haya angependa kila mwalimu wa kemia alipeleke darasani. Kuchoronga kisima kimoja kirefu hugharimu mamilioni ya dola. Je, yawezekana kujua halijoto ya chini kabla ya kutoboa?

Yawezekana kwa kiasi kikubwa. Madini ya kwatzi, ambayo ni silika, huyeyuka zaidi katika maji kadiri yanavyokuwa ya moto. Maji yakikaa muda mrefu katika mwamba wa nyuzi 200 hubeba kiasi cha silika kinacholingana na nyuzi hizo. Yakipanda juu upesi, hupoa lakini hayapati muda wa kuitua silika yote. Hivyo chemchemi yenye nyuzi 80 yaweza kuwa na kumbukumbu ya nyuzi 200. Mwanakemia Mmarekani Robert Fournier aliandika kanuni yake mwaka 1977, nayo ni hii:

Halijoto = 1309 ÷ (5.19 − log S) − 273.15

ambapo S ni miligramu za silika katika kilogramu moja ya maji, na jibu ni nyuzi za Sentigredi. Kama S ni 100, logi yake ni 2, 5.19 toa 2 ni 3.19, 1309 ukigawa kwa 3.19 ni 410. Toa 273 unabaki na nyuzi 137. Kama S ni 300, jibu ni nyuzi 209. Kanuni hii haifai kutumiwa juu ya nyuzi 250.

Katika ziara za nyikani mwanafunzi hujaza chupa zake, hupunguza ukali wa sampuli kwa maji safi ili silika isigande kabla ya kupimwa, na huandika kila kitu: saa, mahali, halijoto, rangi, harufu. Kazi hii huonekana ya kitoto hadi siku atakapopata majibu mawili yanayopingana. Silika yasema nyuzi 140, na uwiano wa sodiamu na potasiamu, ambao nao ni kipimajoto, wasema 220. Nani mkweli? Huenda maji ya moto yamechanganyika na maji baridi ya mvua karibu na juu, silika ikazimuliwa kama chai iliyoongezwa maji, ilhali uwiano wa chumvi mbili haukubadilika sana. Kipimo kimoja kamwe hakitoshi. Anayekwenda kumshauri waziri wake akiwa na kipimo kimoja mkononi ni heri asiende.

Krafla

Kaskazini mwa nchi hiyo upo mlima Krafla, na hapana mwanafunzi wa jotoardhi asiyesimuliwa habari zake. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua kujenga hapo mtambo wa megawati 60. Mashine mbili za megawati 30 kila moja ziliagizwa kabla ya visima kuthibitishwa. Desemba 1975 ardhi ikapasuka. Mlipuko ulifuata mlipuko hadi mwaka 1984, jumla yake tisa, na gesi kutoka katika mwamba ulioyeyuka ziliingia katika hodhi la maji, zikayafanya makali hata yakala mabomba ya visima. Mashine ya kwanza ilianza kazi ikiwa na mvuke mchache kuliko uliokusudiwa. Ya pili ilikaa ikisubiri mvuke hadi miaka ya 1990. Septemba 1977, katika eneo la jirani la Bjarnarflag, kisima kimoja kilitapika mawe ya moto badala ya mvuke. Volkeno ilikuwa imepata tundu lililotobolewa na binadamu.

Kwa maoni yangu kosa la Krafla halikuwa volkeno, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuizuia. Kosa lilikuwa mpangilio wa hatua: kununua kwanza, kupima baadaye. Watu wa Iceland hawafichi jambo hilo. Hulifundisha kwa wageni. Mtambo wenyewe bado unafanya kazi, na mwaka 2009 kisima kilichochorongwa hapo kwa utafiti kilikutana na mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha kilometa mbili na kidogo, jambo lililowapa wanasayansi nafasi adimu ya kujifunza. Tangu Desemba 2023 volkeno zimelipuka tena, mara hii karibu na mtambo wa Svartsengi kusini-magharibi, na Februari 2024 lava ilikata bomba kuu la maji moto, watu zaidi ya 20,000 wakabaki bila joto katikati ya baridi.

Visima vilivyopoa

Kaskazini mwa San Francisco nchini Marekani kuna eneo liitwalo The Geysers, kubwa kupita yote duniani kwa umeme wa mvuke. Katika miaka ya 1980 makampuni kadhaa yalichoronga hapo kwa kushindana, kila moja likivuta kutoka hodhi lile lile. Mwishoni mwa miaka hiyo kanieneo ilishuka na mvuke ukapungua kwa namna iliyowashtua wote. Joto la miamba lilikuwepo bado. Kilichokosekana ni maji. Kuanzia mwaka 1997 miji ya jirani ilianza kuleta kwa mabomba maji machafu yaliyosafishwa, yakamwagwa chini, na kushuka kukapungua. Huko Wairakei, New Zealand, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1958 bila maji kurudishwa, sehemu ya ardhi ilididimia karibu meta 15.

Kwa hiyo sheria ya leo ni kurudisha. Maji yaliyotenganishwa na mvuke hupelekwa katika visima vya pembeni na kusukumwa chini. Hapa pia kipimo kina kazi. Yakirudishwa karibu mno na visima vya uzalishaji, maji yaliyopoa hupita njia ya mkato katika nyufa na kuwapoza majirani. Yakirudishwa mbali mno, hayasaidii kanieneo. Tena ardhi hujibu. Mwaka 2011, mtambo wa Hellisheiði ulipoanza kurudisha maji mengi mahali paitwapo Húsmúli, matetemeko madogo yalitokea, makubwa yake yakikaribia kipimo cha 4, na watu wa mji jirani wa Hveragerði wakalalamika kwa haki. Mahali hapo hapo Hellisheiði tangu mwaka 2012 watafiti wameyeyusha kaboni dayoksaidi katika maji na kuishusha kwenye miamba ya basalti, ikageuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili.

Daftari la nyumbani

Miezi mitatu hivi ya mwisho mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuandika ripoti, na inapowezekana hutumia takwimu alizokuja nazo kutoka kwao: vipimo vya visima vya Olkaria, maji ya Songwe, miamba ya Katwe au Buranga. Nadhani huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mpango huo. Anayekwenda ughaibuni bila swali lake hurudi na majibu ya wengine.

Maana nchi mbili hizi zafanana na pia hazifanani. Iceland imekaa juu ya mpasuko wa Atlantiki, unaopanuka kama sentimeta mbili kwa mwaka. Bonde letu la Ufa hupanuka kwa milimeta chache tu. Miamba ya kule ni basalti zaidi. Ya Olkaria ni ya jamii nyingine, yenye silika nyingi. Kule theluji na mvua hujaza mahodhi; kwetu, sehemu nyingi za Bonde ni kame, na maji ya kuchorongea yenyewe ni tatizo. Kule joto la nyumba ndilo lililokuwa hitaji la kwanza. Kwetu hakuna anayetaka nyumba yake ipashwe joto, ingawa shamba la maua la Oserian huko Naivasha limetumia joto la kisima kukausha unyevu wa usiku katika vibanda vya waridi, na pareto, samaki na maziwa navyo vinahitaji joto la kukaushia au kuchemshia.

Tusidhani kuwa historia hii ilianzia ng'ambo pekee. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi uliendeshwa kwa maji ya nyuzi 91, ukawa wa kwanza barani Afrika. Nchini Kenya visima viwili vilichorongwa Olkaria kati ya mwaka 1956 na 1959. Havikufika hata meta 1,000, havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikaachwa. Ilipoanzishwa tena katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikatoboa chini zaidi na kukuta joto. Mashine ya kwanza, ya megawati 15, iliwashwa mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 zilikuwa megawati 45. Sasa Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, nazo hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Wengi walioongoza kazi hiyo walipitia Reykjavík, na tangu mwaka 2005 mafunzo mafupi yamekuwa yakifanyika Kenya kwenyewe kwa ajili ya Waafrika wa nchi nyingine.

Kuna upande wa pili. Mwaka 2013 Rwanda ilichoronga kisima karibu na mlima Karisimbi hadi kina cha kilometa tatu hivi. Volkeno ilikuwepo juu, jirani kabisa. Joto la kufaa halikuwepo chini. Fedha iliyotumika ilikuwa ya umma, na shimo la meta 3,000 halirudishwi dukani. Hata hivyo takwimu zake ni mali, kwa kuwa zimefundisha kwamba mlima wa volkeno si lazima uwe na hodhi la maji moto kando yake. Tanzania, yenye maji moto ya Songwe na Mbaka na mlima Ngozi karibu na Mbeya, ina sababu ya kuzisoma takwimu hizo kwa makini sawa na inavyosoma ushindi wa Olkaria.

Zoezi kwa wanafunzi

Shule zilizo karibu na chemchemi za maji moto, kama vile Songwe, Utete, Manyara au Ziwa Bogoria, zaweza kuanza daftari la vipimo. Wanafunzi wapime halijoto ya maji kila wiki kwa saa ile ile na mahali pale pale, na wingi wa maji yanayotoka kwa kutumia ndoo na saa. Waandike pia mvua iliyonyesha. Wasikaribie kingo, kwa maana ardhi pembeni ya chemchemi ya moto aghalabu ni gamba jembamba juu ya maji yanayounguza, na wasiiname mahali penye harufu kali ya mayai viza. Chupa ya sampuli yaweza kupelekwa maabara ya maji ya wilaya au mkoa kupimwa silika.

Kisha wajibu haya. Chemchemi moja ina halijoto ya nyuzi 75, na maji yake yana miligramu 150 za silika kwa kilogramu: kwa kanuni ya Fournier, hodhi lake lina nyuzi ngapi? (Jibu likaribie 161.) Ikiwa maji hayo yalichanganyika nusu kwa nusu na maji ya mvua yasiyo na silika kabisa, jibu litabadilikaje? Na mtambo wa megawati 35, ukifanya kazi kwa miaka 30 juu ya mwamba wenye ujazo wa kilometa 20 bila joto jipya kuingia, utaupoza mwamba huo kwa nyuzi ngapi?